Daraja Lenye Reli Pembeni

Katika likizo ya mwezi wa Juni tulijaliwa kusafiri mpaka Marekani, katika mji wa New York, kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu mdogo. Nauli alitupa yeye, nasi hatuoni haya kulisema, maana mshahara wa mwalimu haufiki mbali hivyo. Siku tulipoondoka jamaa walikusanyika uani, kila mmoja na neno lake, nasi kwa kuwa tumezoea kalamu tuliyaandika yote katika karatasi moja: ada ya shule ya watoto wawili wa dada yetu, pikipiki ya mwana wa baba mdogo, dawa za macho za mama, mchango wa dari ya kanisa, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, mabati ya nyumba yetu wenyewe. Karatasi ile tuliikunja tukaitia ndani ya kitabu cha sala. Twaitaja mapema kwa kuwa haina budi kurudi katika habari hii. Walakini habari yenyewe ni ya daraja.

Mji ule umekatwa na maji. Sehemu iitwayo Manhattan ni kisiwa, yenye majumba marefu ambayo wengi mmeyaona katika picha. Ng'ambo yake iko Brooklyn, na huko ndiko akaapo ndugu yetu. Baina ya sehemu hizi mbili hupita maji yaitwayo East River. Jina ni la mto, na ramani zote zasema mto, lakini kwa kweli ni mkono wa bahari: maji yake ni ya chumvi, hujaa na kupwa. Mtu wa Tanga au Pangani angeonja mara moja, akacheka.

Kazi ya ndugu yetu ni kuwauguza wazee katika nyumba moja upande wa Manhattan, naye huifanya usiku. Asubuhi hurudi Brooklyn kwa gari la reli lipitalo chini ya ardhi. Kwa mazoea twaliita gari moshi, ingawa moshi halina, maana huenda kwa umeme. Siku ya tatu ya kukaa kwetu tulikwenda kumlaki kazini, turudi pamoja. Akatuamkia, "Shikamoo kaka," tukaingia ndani ya gari, naye akashika chuma cha juu akafumba macho. Alilala amesimama. Hatukupata kuona mtu akilala hivyo ila askari mmoja wa zamu, nasi tukawa twamtazama kwa hofu asije akaanguka.

Mara gari likatoka gizani. Mwanga wa jua ukaingia madirishani pande zote, tukaona maji mbali chini yetu, na meli, na upande wa kulia daraja jingine la mawe na waya, lile mashuhuri la Brooklyn lililofunguliwa mwaka 1883. Tulikuwa juu ya daraja la Manhattan. Ndugu yetu akafumbua macho kama aliyeitwa kwa jina. Akatoa simu yake, na kabla hajaigusa ikaanza kutetemeka mkononi mwake, tena na tena, kama kuku aliyefungwa miguu.

Akatuambia, "Kaka, huko chini ya ardhi simu yangu haipati habari. Ikifika hapa darajani, zote za usiku huingia pamoja. Kwenu sasa ni saa nane mchana, watu wamekwisha kuamka na kukumbuka shida zao." Akazisoma upesi upesi na kujibu mbili au tatu, maana daraja huvukwa kwa dakika chache tu, kisha gari huingia tena chini ya ardhi na simu hunyamaza. Tulimwuliza kama ni hivyo kila siku. Akasema, "Kila siku. Habari zako nyingi pia nimezisomea hapa, juu ya maji."

Hatukujibu neno. Tulikuwa tumekwisha kumsomea ile karatasi usiku wa kwanza, mara baada ya chakula.

Sasa tulieleze daraja lenyewe, kwa maana wanafunzi wetu waliporudi shuleni walituuliza sana habari zake, na mtu mzima asomaye pia huenda akapenda kujua. Lilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1909. Urefu wake wote, pamoja na njia za kupandia huku na huku, ni futi 6,855, yaani kilomita mbili na kitu. Sehemu ile ya katikati, baina ya minara miwili ya chuma, ni futi 1,470, au mita 448: vipange viwanja vinne vya mpira mstari mmoja juu ya maji, bado havitatosha. Na katika urefu huo wote hakuna nguzo hata moja chini yake. Limening'inizwa. Juu ya minara hupita kamba nne za chuma zilizo nene kupita shina la mnazi, na kila kamba ni mkusanyiko wa nyaya 9,472, wala hakuna uzi mmoja kati ya hizo ulio mnene kama penseli. Kutoka katika kamba hizo nne huteremka nyaya nyingine zilizosimama wima, nazo ndizo zishikazo njia.

Njia ziko ghorofa mbili. Ya juu ni ya motokaa, mistari minne. Ya chini ina mistari mitatu ya motokaa katikati, na kila upande wa hiyo kuna reli mbili, kwa hiyo reli zote ni nne. Nje ya reli, upande wa kusini, iko njia ya waendao kwa miguu, na upande wa kaskazini ni ya baiskeli. Basi mtu asimame pale asubuhi moja ataona malori, motokaa, magari ya reli yaliyojaa watu, baiskeli na watembeao, wote wakivuka kwa wakati mmoja juu ya kamba zile nne. Magari ya reli huitwa kwa herufi kama watoto wa darasa la kwanza: B na D hupita kaskazini, N na Q hupita kusini.

Hapo yaliposemwa maneno "kila upande" ndipo palipo na kisa.

Msomaji aliyepata kupanda mtumbwi ajua kwamba mtu mnene huketishwa katikati. Akiketi ukingoni, mtumbwi hulala upande, hata kama uzito wake ni ule ule. Kadhalika mtu achukuaye maji kwa mzega: madebe mawili yakijaa sawasawa atakwenda maili nzima, lakini debe moja likiwa tupu mti humpinda begani, naye hufika nyumbani na kiuno kikimwuma ingawa amebeba nusu ya mzigo. Gari moja la reli la mji ule, hata kabla halijapakia mtu, lina uzito wa tani zaidi ya 300. Likipita ukingoni mwa daraja linaloning'inia, ukingo ule hudidimia. Likikutana na jenzake litokalo ng'ambo kwa ukingo wa pili, pande mbili za daraja hudidimia mahali mbalimbali, na njia nzima hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Katika daraja la Manhattan kwenda chini na juu huku kulikuwa kwa futi kadhaa, si inchi. Gari lilipokwisha kupita, daraja lilirudi mahali pake likingojea jingine. Hivyo usiku na mchana.

Daraja jirani la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903, reli zake ziko katikati. Kwa hiyo haikuwa siri wala muujiza kuziweka hapo. Lakini daraja la Manhattan lilikuwa na matata tangu tumboni. Mhandisi Gustav Lindenthal alitaka lining'inizwe kwa minyororo ya vyuma vipana; mwaka 1904, wakubwa wa mji walipobadilika, shauri lake likatupwa, zikachukuliwa kamba za waya. Hesabu zikafanywa na mhandisi Leon Moisseiff, mzaliwa wa Riga aliyehamia Marekani, kwa njia mpya ambayo haikupata kutumiwa katika daraja kubwa kabla ya hilo. Njia hiyo yasema kwamba daraja refu la kuning'inia hushikwa imara na uzito wake lenyewe, na kwa hiyo vyuma vya kulikaza vyaweza kupunguzwa. Hesabu ile haikuwa ya uongo. Madaraja makubwa mengi yalijengwa kwa hiyo. Ila Moisseiff aliendelea kupunguza, na daraja lake jingine, la Tacoma Narrows upande wa magharibi wa Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na tarehe 7 Novemba mwaka ule ule likajisokota kwa upepo mpaka likaanguka majini. Hapana mtu aliyekufa. Moisseiff mwenyewe alifariki mwaka 1943. Twamwonea huruma, kwa kuwa sisi pia tumepata kufundisha hesabu iliyo sahihi ubaoni na kuikosea sokoni.

La Manhattan halikuanguka, na hilo ndilo lililotushangaza kuliko yote. Magari ya reli ya chini ya ardhi yalianza kulivuka mwaka 1915. Lilipinda na kurudi, likapinda na kurudi. Kwa kuwa halikuanguka, watu waliendelea kulipakia. Baada ya mwaka 1967, njia za chini ya ardhi zilipoungwa upya upande wa Manhattan, magari yaliyo mengi yakawa yapita kaskazini, na kusini yakapita machache, hata mzega ukazidi kwenda upande. Wahandisi walikuwa wamekwisha kuonya miaka mingi. Vyuma vilikuwa vikipata nyufa na kutu. Lakini aliyekaa ndani ya gari akisoma gazeti lake aliona maji yanang'aa tu, na daraja lipo.

Kazi kubwa ya kulitengeneza ilianza mwaka 1982. Hapo ndipo mji ulipopata kulipa deni lake. Aprili 1986 reli za kaskazini zilifungwa. Desemba 1988 zikafunguliwa, na za kusini zikafungwa; nazo, isipokuwa kwa miezi michache ya mwaka 1990, zilibaki zimefungwa mpaka Julai 2001. Mara zikafungwa tena za kaskazini. Siku reli zote nne zilipopata kutumika pamoja tena ilikuwa Februari 2004. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kufungwa kwa kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka kumi na saba. Miaka hiyo yote wenye mji walizungushwa kwa njia nyingine, wakanung'unika, wakachelewa kazini. Vyuma vilivyoliwa vikaondolewa, vikatiwa vipya, na daraja likaongezewa vya kulizuia lisijisokote. Gharama ilikuwa mamia ya milioni ya dola. Reli zenyewe hazikuhamishwa. Ziko pembeni hata leo.

Habari hizi nyingi tulizipata kwanza kwa ndugu yetu. Yeye alizisikia kwa mzee mmoja amwuguzaye, ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya vyuma pale juu. Baadaye tulizitafuta vitabuni tukaona mzee hakukosea. Siku ya Jumamosi, ndugu yetu alipokuwa na mapumziko, alituambia, "Leo tusipande gari. Twende kwa miguu, usikie." Tukashuka katika kituo cha Canal Street, tukapita mahali wakaapo Wachina, wauza samaki na matunda, tukalifikia lango kubwa la mawe lenye nguzo, lililojengwa kama la mfalme, tukaingia njia ya kusini.

Tulikwenda polepole, maana njia yapanda. Kwanza tuliona uzuri tu. Kisha gari likaja nyuma yetu. Twaweza kusema nini juu ya kelele ile? Tulishika ukingo kwa mikono miwili kama mtoto. Njia ilitikisika chini ya nyayo, na tukahisi, tena hatukudhani bali tulihisi, kitu kizima kikishuka kidogo, kikakaa, kikainuka. Ndugu yetu alikuwa akitutazama akicheka.

Akasema, "Haya ndiyo baada ya kutengenezwa. Mzee wangu asema zamani ulikuwa waweza kuona."

Tukamwuliza, "Nalo lawezaje kuvumilia?"

Akasema, "Lilifungwa, kaka. Upande mmoja, kisha wa pili. Mzee asema wasingelifunga lisingekuwapo."

Tukaendelea kutembea. Gari jingine likapita, naye akangoja mpaka kelele ipungue. Kisha akasema, akitazama maji wala si sisi, "Mimi nina mwaka wa kumi na moja hapa. Sijasema hapana kwa mtu hata mmoja. Mwaka jana nilifanya kazi mbili. Mke wangu ananiuliza mtoto huyu atanijua lini." Akanyamaza. "Ile karatasi yako nitaifanya, kaka. Lakini nipe nafasi."

Wasomaji, sisi ni mkubwa wake. Baba alipofariki sisi ndio tuliomshika mkono kumpeleka shule, na hata leo akisema nasi hulegeza sauti. Kusema kwake vile kulimgharimu sana, twajua. Nasi tulitaka kumjibu kwa neno la busara kama impasavyo kaka, lakini lililotujia ni yale mabati. Katika karatasi nzima, ombi kubwa kupita yote lilikuwa letu, tena tuliliandika kwa herufi ndogo. Mama aliomba dawa ya macho. Sisi, tulio na mshahara kila mwezi, tuliomba paa.

Tukamwambia, "Ile karatasi tutarudi nayo." Hakusema kitu, illa alitutwalia mkoba tuliokuwa tumeubeba, akauchukua yeye mpaka tulipofika Brooklyn, nasi tukamwachia kwa kuwa tuliona atafurahi. Hilo nalo hatujui kama tulifanya vema.

Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata. Tulisimama penye maji pamoja na baba yake, naye hakusinzia.

Tuliporudi nyumbani jamaa walikusanyika tena uani pale pale. Hatukuwa na sanduku kubwa. Tukaitoa karatasi, tukaanza kwa kufuta mstari wa mwisho mbele ya watu wote, kalamu mkononi. Kisha tukawaeleza habari ya daraja, kama tulivyowaeleza ninyi, na tukachora mchangani kamba nne na reli pembeni. Wazee wengine walisikiliza vema. Dada yetu alilia, akasema hakujua. Tukapatana kwamba ada ya mtoto mmoja tutalipa sisi na ya wa pili atalipa mjomba wake wa Marekani. Dawa za mama tutazifuata sisi wenyewe hospitalini. Na dari ya kanisa, wanakwaya wakasema watalima shamba la mahindi la pamoja tuone litatoa nini. Pikipiki haikupata mtu. Baba mdogo aliondoka kabla ya chai. Alisema kwamba tumekwenda Ulaya tukarudi na mchoro wa mchangani, na watu wachache wakacheka, nasi hatuwalaumu. Mpaka leo tukikutana naye njiani, "Shikamoo baba" yetu huiitikia kwa kichwa tu.

Juma lililopita ndugu yetu alituletea habari. Alisema siku hizi gari hutoka gizani, daraja lafika, naye huamka kama kawaida na kutoa simu, na yapo majuma ambayo hailii hata mara moja. Mara ya kwanza alidhani imeharibika. Aliipigapiga mkononi, akaizima, akaiwasha, mpaka gari lilipoingia tena chini ya ardhi. Sasa hutazama maji.

Tumemwomba atuletee picha ya daraja iliyopigwa kutoka chini, ionyeshe reli, kwa ajili ya darasa la saba.